Fidia ya kunyanyaswa kazini: URA (mamlaka ya kodi ya Uganda) inaikata kodi au haigusi?

Binti_Malaba

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua mambo ya kodi, hasa wahasibu na mawakili wa hapa Uganda.

Nimefanya kazi miaka sita katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani hapa Kampala, upande wa nyaraka. Mshahara wangu ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi kabla ya makato. Msimamizi wangu alinisumbua muda mrefu. Alianza na maneno, zikaja meseji za usiku, mwishowe akawa ananishika kiuno kila akipita nyuma ya meza yangu. Meseji zote ninazo. Nilipopeleka malalamiko kwa wakubwa walinihamishia stoo ya Namanve, yeye akabaki kwenye kiti chake. Basi nikaenda kwa afisa wa kazi.

Sasa kampuni inataka tumalizane. Wamenipa rasimu ya makubaliano ya kurasa tatu. Ukurasa wa pili una kiasi kimoja tu, shilingi 24,000,000, na maelezo kwamba ni "malipo ya mwisho kwa madai yote", nami nijiuzulu. Chini yake wameandika kuwa malipo yatatolewa "baada ya kukatwa kodi zote za kisheria". Nilipouliza ni kiasi gani, mhasibu wao akapiga hesabu mbele yangu: kodi ni 8,502,000, mkononi nitapata 15,498,000.

Nililia pale pale, sioni haya kusema. Hii siyo bonasi wala sikuifanyia kazi. Ni pesa ya kushikwashikwa bila ridhaa yangu, halafu serikali ichukue zaidi ya theluthi? Nimesoma kurasa za Wamarekani zinazosema fidia ya kuumizwa haitozwi kodi, nyingine zinasema inatozwa, nikazidi kuchanganyikiwa. Rafiki ya wakili wangu anasema eti nisaini tu. Nimepewa hadi Ijumaa.

Je, sheria yetu inasemaje? Na kuna njia yoyote halali ya kupunguza hayo makato?

---

Kaka_Arua

Pole sana dada yangu. Fidia ni fidia, haikatwi kodi. Waambie wakuletee taslimu, msiandike mengi, mambo yaishe. Karatasi nyingi ndizo zinazoleta URA.

---

Mhasibu_Jinja

Kaka, samahani, ushauri huo utamponza. Nimeshika mishahara ya viwanda hapa Jinja kwa miaka mingi na nimekaa upande ule ule wa meza aliokaa huyo mhasibu wao. Ngoja nieleze.

Binti, kwanza pole. Ulivyofanya kupeleka malalamiko na kutunza meseji umefanya vizuri. Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini, inakupa haki ya kulalamika kwa afisa wa kazi, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 analazimika kuwa na hatua za kuuzuia. Kanuni zake zilitoka 2012. Kwa hiyo hawakupi hizo pesa kwa huruma. Wana kesi ya kujibu.

Sasa kodi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato haina mstari unaosema "fidia zote hutozwa" wala "fidia zote hazitozwi". Inauliza pesa imetoka wapi. Kikiwa ni kipato kilichotokana na ajira, kinaingia kwenye PAYE, ile kodi ambayo mwajiri hukata kwenye mshahara. Na orodha ya vinavyohesabiwa kipato cha ajira ni ndefu: mshahara, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, ovataimu, posho, kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba. Halafu kuna kipengele kinachowakamata wengi: kiasi chochote unacholipwa kama fidia ya kusitishwa kwa mkataba wa kazi, hata kama mkataba wenyewe haukutaja fidia hiyo. Kinakatwa. Hakuna ubishi hapo.

Lakini pesa unayolipwa kwa sababu mtu alikuvunjia heshima na mwili wako, na kampuni ikamwacha, hiyo hukuipata kwa kufanya kazi wala si bei ya kuachishwa kazi. Ungeweza kuidai hata kama ungebaki kazini hadi leo. Ni malipo ya madhara, na mimi nasimama kwamba hayo si kipato cha ajira. Jirani yako akikugonga na bodaboda akakulipa kwa maumivu, hakuna anayekuita umepata mapato.

Tatizo lako ni rasimu yao. Wameyatia yote katika kiasi kimoja, "madai yote", halafu wakaweka na kujiuzulu hapo hapo. Karatasi ikisomeka hivyo, afisa yeyote wa kodi atasema: kazi imeisha, pesa imelipwa, hii ni fidia ya kusitisha mkataba. Na mhasibu wao anajua kwamba asipokata, URA itaidai kampuni yenyewe. Kwa hiyo anakata yote ili alale usingizi. Simlaumu sana kwa woga wake, ila woga huo unalipwa na wewe.

Tuangalie hesabu zake. Kwa mwezi, 235,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, hadi 410,000 asilimia 20, juu yake asilimia 30. Kipato cha mwezi kikivuka milioni 10, kinachozidi kinaongezewa asilimia 10 nyingine. Kwa milioni 24 katika mwezi mmoja usio na mshahara mwingine inakuja:

25,000 (kodi ya zile 410,000 za kwanza) + asilimia 30 ya 23,590,000 (yaani 7,077,000) + asilimia 10 ya 14,000,000 (yaani 1,400,000) = 8,502,000.

Kwa hiyo hesabu yake haina kosa. Kosa ni kuhesabu kila shilingi kama mshahara.

Sasa tugawanye. Kwa miaka sita ya kazi, notisi yako kisheria ni miezi miwili: 3,600,000. Tuseme likizo unayodai ni 1,200,000. Tuseme pia mnakubaliana miezi mitatu ya mshahara kwa kupoteza kazi, 5,400,000. Jumla ya hayo ni 10,200,000, na hayo yote ni kipato cha ajira, yakatwe. Zinazobaki 13,800,000 ziandikwe waziwazi kuwa ni fidia ya madhara ya unyanyasaji uliolalamikia. Ukikata PAYE kwenye milioni 10.2 peke yake inakuja 2,982,000. Unaondoka na 21,018,000 badala ya 15,498,000. Tofauti ni 5,520,000, dada. Hiyo ni mishahara yako ya miezi mitatu.

Na hata wakikataa kugawanya, ile 1,400,000 ya asilimia 10 ya ziada usiiache. Viwango vya kodi ni vya mwaka, hivi vya mwezi ni vile vile vimegawanywa kwa 12. Asilimia 10 ya ziada kwa mwaka inaanza juu ya milioni 120. Wewe hata ukijumlisha mshahara wako wa mwaka mzima na milioni 24 hufiki nusu ya hapo. Mwaka wa kodi unaisha tarehe 30 Juni. Ukiisha, jaza ritani (fomu ya hesabu za kodi za mwaka) kwa TIN yako (namba ya mlipakodi) na udai kilichokatwa zaidi. Mfanyakazi mwenye mshahara mmoja unaokatwa PAYE halazimiki kujaza ritani, ndiyo maana wengi hawajui kwamba kuna pesa zao zimekaa Nakawa, makao makuu ya URA.

---

Dada_Mbale_Wakili

Niongeze kwa upande wa sheria, kwa sababu nimesimamia kesi za namna hii na naona zinavyoharibika mwishoni, kwenye karatasi.

Mhasibu amesema kweli, lakini asije mtu akasoma hapa akadhani kinachohitajika ni kubandika jina zuri. Ukimpa mtu milioni 24 za kumwachisha kazi na kuziita zote "fidia ya unyanyasaji" wakati hakuna malalamiko popote, Kamishna wa kodi ana mamlaka ya kuangalia mambo yalivyo hasa na kuyapanga upya. Mgawanyo lazima usimame juu ya kitu. Binti anacho: malalamiko ya maandishi kwa wakubwa, barua ya kuhamishiwa Namanve, meseji, na jalada kwa afisa wa kazi. Tarehe zake zote zinatangulia mazungumzo ya kuondoka. Hapo ndipo nguvu yako ilipo.

Kwa hiyo makubaliano yako, dada, yaanze na historia: kwamba tarehe fulani ulilalamikia vitendo fulani, kwamba lalamiko namba fulani liko mbele ya afisa wa kazi. Kampuni itasema haikiri kosa. Waache waandike hivyo, si lazima wakiri ndipo malipo yawe ya madhara. Kisha vifungu viwili tofauti vya pesa. Cha kwanza, haki za ajira, kila kimoja na kiasi chake, pungufu ya PAYE. Cha pili, fidia ya madhara ya kiutu yaliyotokana na matendo yanayolalamikiwa, inayolipwa bila kukatwa. Na kama mnaweza, malipo yaende kwa tarehe mbili tofauti au angalau kwa hundi mbili.

Yale maneno "baada ya kukatwa kodi zote za kisheria" yaondolewe kwenye kifungu cha pili kabisa. Nimeona mteja akipigania mgawanyo wiki nzima, kisha sentensi hiyo moja ikabaki mwishoni ikifunika vyote.

Wakikataa kwa kuogopa URA, wapeni njia: Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 inaruhusu mlipakodi kumwandikia Kamishna aombe uamuzi wa maandishi kuhusu muamala wake mwenyewe. Ukieleza ukweli wote, uamuzi huo unamfunga Kamishna kwako. Kampuni inaweza kuziweka zile 13,800,000 kwa wakili hadi jibu lije. Anayetaka kulala usingizi anaweza kuupata kwa njia hiyo bila kukukata wewe.

Kaka Arua, najua umesema kwa mapenzi. Lakini taslimu bila karatasi maana yake ni kwamba kesho wanaweza kukana kwamba walimlipa, au wakasema walimkopesha. Na URA ikiikuta kwenye vitabu vyao, kampuni italipa kodi kisha ina haki ya kumgeukia yeye airudishe.

---

Kaka_Arua

Nimekuelewa wakili, asante. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwokoa tu.

---

Mtoto_wa_Busia

Kuhusu hizo kurasa za Marekani: dada yangu mkubwa anaishi huko na alipitia jambo kama hili, kwa hiyo tulilazimika kujifunza. Binti, usizitumie hapa. Kwao sheria ilibadilishwa mwaka 1996: fidia isiyotozwa ni ile ya jeraha au ugonjwa wa mwili. Mateso ya moyo peke yake, fedheha, kukosa usingizi, vyote vinatozwa. Na kesi nyingi za unyanyasaji kazini zimeangukia hapo. Tena mwaka 2005 Mahakama yao Kuu kabisa iliamua kwamba hata sehemu anayochukua wakili kwa makubaliano ya asilimia huhesabiwa kuwa ni kipato cha mteja. Ila bunge lao lilikuwa limeshawapa nafuu mwaka 2004 wenye kesi za ubaguzi kazini wapunguze ada hiyo.

Kuna jambo moja la huko lililonigusa. Sheria ya kodi ya 2017 inasema kampuni ikilipa fidia ya unyanyasaji wa kijinsia na kumfunga mlalamikaji asiseme, hairuhusiwi kuitoa pesa hiyo kama gharama kwenye hesabu za kodi. Yaani ukinunua kimya cha mtu, usitegemee walipakodi wakusaidie kukilipia. Natamani wabunge wetu waisome.

---

Mzee_wa_Forodha

Binti, mimi nilitolewa kazini baada ya miaka 11. Kwa mtu aliyemtumikia mwajiri mmoja miaka 10 au zaidi, fidia ya kusitishwa kazi inatozwa kodi kwenye robo tatu tu, robo inasamehewa. Wewe una sita kwa hiyo haikuhusu, lakini naandika kwa ajili ya wengine watakaosoma, maana mimi sikuambiwa na mtu. Nilikuta kwenye slipu wamekata yote, ikabidi nirudi na barua. Walirekebisha.

---

Binti_Malaba

Sijui niwashukuru vipi. Nimewachapishia majibu yenu wakili wangu mwenyewe, siyo yule rafiki yake, na leo asubuhi tumekutana na kampuni.

Wamekubali kugawanya, lakini si kama alivyoandika Mhasibu. Wanasema notisi na likizo ziwe 4,800,000, na fidia ya kupoteza kazi iwe milioni 9. Zinazobaki 10,200,000 ndizo waziite za madhara. Halafu wameleta jambo jipya: wanataka milioni 3 kati ya hizo 10,200,000 ziandikwe kuwa ni za kunyamaza, nisimwambie mtu yeyote kilichotokea. Yule msimamizi bado yuko pale, na wasichana wawili wa mafunzo wameingia kwenye ofisi yake mwezi huu. Hilo linaniumiza kuliko kodi.

Naomba mnijibu mawili. Hizo milioni 3 zinatozwa? Na nikikubali kunyamaza, nitaweza kutoa ushahidi kama msichana mwingine atalalamika?

---

Dada_Mbale_Wakili

Naanza na la pili kwa sababu ndilo zito. Kifungu cha siri hakiwezi kukuzuia kujibu wito wa mahakama wala kutoa taarifa polisi kuhusu kosa la jinai. Lakini usitegemee hilo likae kichwani mwako tu wakati karatasi inasema "mtu yeyote". Liandikwe: siri hii haizuii kuzungumza na afisa wa kazi, polisi, mahakama, daktari, mshauri wa kiroho, wakili, URA, na familia yako ya karibu. Wakikataa maneno hayo, basi wanachonunua si amani ya kampuni, ni ulinzi wa mtu mmoja. Mimi nisingekushauri usaini.

Na uombe kimoja ambacho hakina kodi kabisa: waandike kwamba ndani ya muda fulani wataweka kamati ya kupokea malalamiko na kwamba huyo bwana hatasimamia wanafunzi wa mafunzo. Wanaweza kukubali kuliko unavyodhani, kwa kuwa kama wako zaidi ya 25, sheria tayari inawataka wawe na hatua za kuzuia mambo haya.

La milioni 3 namwachia Mhasibu.

---

Mhasibu_Jinja

Usikubali zikae peke yake. Katika ile orodha ya vipato vya ajira kuna pia malipo anayopewa mfanyakazi kwa kukubali masharti ya kazi au mabadiliko ya masharti hayo. Ukitenga milioni 3 ukaziita bei ya kukubali sharti, umewapa hoja ya kuzikata. Kifungu cha siri, ukikikubali, kisimame kama ahadi tu bila bei yake, na milioni 10.2 zote zibaki kuwa fidia ya madhara.

Hesabu ya pendekezo lao: 4,800,000 na 9,000,000 ni 13,800,000 za kukatwa. PAYE ni 25,000 + 4,017,000 + 380,000 = 4,422,000. Unapata 19,578,000. Zile 380,000 za mwisho utazidai kwenye ritani. Ukiangalia, wamegeuza tu namba zangu juu chini, za kutozwa zimekuwa 13.8 na za madhara 10.2. Wakili wako awaulize milioni 9 za kupoteza kazi wamezipataje. Ni miezi mitano ya mshahara wako. Mimi nilipendekeza mitatu kwa sababu fidia ya nyongeza ambayo afisa wa kazi anaweza kuamuru kwa kuachishwa isivyo haki ina kikomo cha mishahara ya miezi mitatu, kwa hiyo ina mguu wa kusimamia. Mitano yao inasimama juu ya nini, zaidi ya kuongeza upande unaokatwa?

Kabla ya Ijumaa dai vitu hivi mkononi: slipu ya malipo inayoonyesha kila kipengele na PAYE yake, na ahadi kwamba watawasilisha PAYE hiyo kwa jina lako na TIN yako kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mwezi huo ukipita ingia kwenye akaunti yako ya URA uangalie kama imeonekana. Nimeona kampuni ikimkata mtu na pesa isifike, na mtu akienda kudai kwenye ritani hana cha kuonyesha.

Na kama Ijumaa ni mapema mno, waandikie kuomba wiki moja zaidi. Aliyeweka tarehe hiyo ni wao, afisa wa kazi hakuiweka.

---

Binti_Malaba

Nimeomba wiki moja, wamenipa hadi Jumatano. Wakili anaandika upya kifungu cha siri usiku huu na ameweka polisi, afisa wa kazi na URA kwa majina. Swali la miezi mitano ameliweka kwenye barua yake kama aya ya kwanza. Nitarudi hapa wakijibu.